Mzigo uliruhusiwa kupita, dereva je? Barua ya wazi kwa mawaziri wa Afrika Mashariki

Kwa Mawaziri wa Afya, wa Kazi na wa Uchukuzi wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki
Nakala kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya, Arusha

Waheshimiwa Mawaziri,

Mimi ni dereva wa trela. Njia yangu ni Mombasa kwenda Kampala, na mzigo ukiwa wa mbali zaidi basi Kigali au Juba. Nawaandikia sasa, foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ikiwa ya kawaida na hakuna anayeniingiza kijiti puani, kwa sababu najua wakati wa mlipuko hakuna atakayesoma barua ya dereva. Mlipuko ukija huwa mnakaa kikao usiku, agizo linatoka, nasi tunalisikia redioni tukiwa tumeshapita mizani ya Webuye. Kurudi hatuwezi, kwenda mbele haturuhusiwi.

Mnakumbuka mwaka 2020 ulivyokwenda. Machi ile, ndani ya siku chache, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda zote zilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa Korona. Kenya ikaweka kafyu kuanzia tarehe 27. Aprili, Nairobi na Mombasa, pamoja na Kilifi na Kwale, zikafungwa: mtu haingii, hatoki. Kila tangazo lilikuwa na mstari uleule mwishoni, kwamba magari ya mizigo yatapita. Basi tukapita. Sikulalamika wakati ule na silalamiki leo, maana nchi isiyo na bahari haiwezi kufunga barabara ikala. Mafuta, ngano, dawa, hata barakoa zenyewe na zile nguo za plastiki za manesi zilipandishwa bara na watu wa kazi yangu.

Lakini hebu yatoeni mafaili mkayasome tena yale matangazo. Lori lilikuwa na ruhusa. Kontena lilikuwa na ruhusa. Kuhusu mtu aliyeshika usukani, kwamba atalala wapi, akiugua atatibiwa na nani, na siku anazokaa akingoja zinalipwa na nani, hamkuandika neno. Ninalotaka kusema ni hili moja tu: serikali inayomwambia mfanyakazi kwamba nchi haiwezi kuishi bila yeye, na kwa hiyo yeye hawezi kukaa nyumbani, ndiyo inayowajibika kubeba gharama ya agizo hilo. Tangu 2020 gharama hiyo tumeibeba sisi.

Nianze na foleni, kwa kuwa ofisi zenu ziko mbali nayo na msafara wenu ukipita huwa imeshasogezwa pembeni.

Mei 2020 Uganda ilikuwa imeanza kupima kila dereva mpakani, na majibu ya maabara yalikuwa yanachelewa. Msururu wa malori ulitoka Malaba ukapita Amagoro, ukavuka Kimaeti, ukashika njia ya Bungoma. Gari linasogea hatua chache, linazimwa. Huwezi kuliacha, kwa sababu wa mbele akisogea nawe hupo, wa nyuma anachomekea, na siku yako imekwenda. Usiku huwezi kulala usingizi wa maana, kwa sababu wanaofyonza dizeli wanajua foleni imekaa na wameshafika na mitungi yao. Sili ya kontena ikikatwa, mtu wa kwanza kutiwa pingu ni dereva, halafu ndipo maswali yanaanza.

Choo kilikuwa shamba la mahindi la mtu. Mwenye shamba alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika kweli. Maji ya kunawa, yale ya kila dakika tuliyokuwa tukihimizwa redioni, tuliyanunua kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa vijana wa bodaboda, na bei ilipanda kadiri foleni ilivyorefuka. Tulipikia chini ya trela, stovu moja, sufuria moja, watu wanne. Kukaa mbali mbali kulikuwa kwa wenye nafasi.

Kulikuwa na mzee mmoja nyuma yangu, dereva wa siku nyingi, anatumia dawa za presha. Zilimwishia foleni. Duka la dawa lilikuwa mjini, kafyu ilikuwa saa moja jioni, na askari wa kizuizini hakutaka kusikia habari za dereva wa mizigo ambaye hayumo ndani ya lori lake. Alimrudisha. Na kwa karatasi zilivyoandikwa, askari alikuwa sahihi: kibali kilikuwa cha gari. Yule mzee alikesha amekaa kwenye kebini, kichwa kinamgonga, mpaka kulipopambazuka tukampa kijana wa bodaboda pesa na ganda la dawa tupu ili akaoneshe dukani.

Sasa vipimo. Cheti cha kupimwa kilikuwa na uhai wa siku 14. Pimwa Mombasa, ngoja majibu, pakia, endesha, pita mizani zote kuanzia Mariakani, kaa foleni, vuka, kaa foleni nyingine ya kuingia Rwanda au Sudan Kusini. Cheti kinakufia mkononi. Unaambiwa upimwe upya, na kupimwa upya maana yake ni kungoja upya. Nilishuhudia watu waliopimwa nchi mbili ndani ya wiki moja na kila nchi ikikataa karatasi ya mwenzake.

Kule Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu serikali mbili ziligombana hadharani. Madereva waliopimwa upande wa Kenya wakaambiwa wana virusi, na viongozi wa Arusha wakatangaza kwamba walipopimwa tena Tanzania hawakuwa navyo. Kenya ikasimama na majibu yake. Sitaki kuingia katika ugomvi wa maabara, si kazi yangu. Nasema tu kwamba mtu yuleyule, kwa pua ileile, alikuwa mgonjwa upande mmoja wa geti na mzima upande wa pili, na siku zote za ubishi huo alikuwa akila pesa yake mwenyewe akiwa amelala kwenye gari.

Jumuiya ilileta mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ule wa kwenye simu, ili cheti kimoja kitambulike kila mpaka. Ulikuwa mpango mzuri na nausifu. Wakuu wa nchi walipokutana kwa video tarehe 12 Mei 2020 waliuagiza ukamilishwe, ingawa Tanzania na Burundi hazikushiriki kikao hicho. Ila mfumo ulidai dereva awe na simu ya kisasa, yenye chaji na yenye bando, na ulijua tulipolala na tuliposimama. Hadi leo sijaona karatasi inayoniambia habari hizo zilisomwa na nani na zilifutwa lini. Kama bado ziko kwenye kompyuta ya mtu, tunaomba kuambiwa.

Halafu ikaja Januari 2022, na hapa mniwie radhi nikipandisha sauti kidogo. Korona ilikuwa imetimiza karibu miaka miwili, chanjo zipo, na Uganda ikaagiza kila dereva apimwe mpakani kwa dola 30, hata kama ana cheti halali alichotoka nacho. Dola 30 kwa kila safari, kwa mtu anayelipwa kwa safari. Madereva wakazima injini. Foleni ikarudi ile ya makumi ya kilomita, mafuta yakaadimika Uganda, bei ya petroli Kampala ikapaa hadi watu wakaacha magari nyumbani. Ndipo serikali ikalegeza. Tuliitwa wakorofi na wahujumu uchumi. Sisi tulikuwa tunakataa kulipia kazi ambayo si yetu.

Na kumbe sheria ilikuwa upande wetu. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo nchi zenu zote zimefungwa nazo, zinasema katika kifungu cha 40 kwamba nchi haitamtoza msafiri ada ya uchunguzi wa kiafya ambao yenyewe imeutaka ili kujua hali yake, wala ada ya cheti cha majibu, wala ya kuwekwa karantini. Waliotolewa humo ni wale wanaoomba kuhamia na kuishi. Dereva wa transiti hahamii. Anashusha, anageuza, anarudi. Katika kupita kwangu mipakani, hakuna afisa hata mmoja aliyewahi kunitajia kifungu hicho, na sidhani walikuwa wanaficha. Nadhani nao hawakuambiwa. Dirishani pale kuna karatasi ya ada, ya faini na ya saa za kazi, lakini ya haki za anayesimama nje ya dirisha haipo.

Kifungu cha 32 cha kanuni hizohizo kinaagiza wasafiri watendewe kwa heshima na utu, na wale waliotengwa au kuwekwa karantini wapewe chakula na maji ya kutosha, malazi, matibabu, ulinzi wa mali yao, na njia ya kuwasiliana kwa lugha wanayoielewa. Niliposoma hapo kwenye ulinzi wa mali nilicheka peke yangu. Dereva akikutwa na virusi huchukuliwa na gari la wagonjwa, na trela lenye mzigo wa mamilioni linabaki barabarani na utingo, ambaye naye anatakiwa akapimwe. Wenzetu waliificha homa kwa sababu hiyo. Waliogopa wezi na tajiri, yaani mwenye lori, kuliko walivyoogopa ugonjwa. Mkitaka dereva aseme ukweli kuhusu homa yake, mwambieni kwanza gari litalindwa na nani.

Kuna jambo jingine ambalo haliponi haraka kama homa. Jioni kwa jioni matangazo ya wizara yalisoma idadi ya wagonjwa wapya, na ndani yake idadi ya madereva wa malori. Mei 2020 Uganda ikaamua hata kuwatoa madereva wageni kwenye hesabu yake ya taifa, kwamba wale si wagonjwa wetu. Nielewe nini hapo? Kwamba petroli yangu ni ya Uganda lakini kikohozi changu ni cha Kenya? Vijijini wakasikia walichosikia. Tulikatazwa kusimama popote isipokuwa vituo vilivyotengwa, na hata huko mama wa chakula alituwekea sahani chini, akarudi nyuma, ndipo tukaenda kuichukua. Simlaumu. Alikuwa amesikiliza redio.

Nakubali kwamba wapo madereva walioambukizwa, na kwamba ugonjwa hufuata barabara. Hakuna dereva anayebisha hilo. Lakini wakati ule hakuna kundi la watu lililopimwa kama sisi. Sokoni hamkupima, ibadani hamkupima, kwenye mikutano ya siasa ndiyo kabisa. Anayepimwa sana ndiye anayeonekana mgonjwa sana, na takwimu zikitangazwa bila maelezo hayo zinamchagulia mtu wa kumlaumu.

Wazee wetu wa barabara walipita humu miaka ya 1980 na 1990, Ukimwi ulipoingia. Nao walioneshwa kidole kila kituo kuanzia Mombasa hadi Bujumbura. Kilichokuja kusaidia hakikuwa kidole. Ilikuwa ni kliniki zilizofuata malori yanapolala, zikafunguliwa saa ambazo dereva ameegesha. Zile za makontena ya bluu za North Star Alliance wengi wetu tunazijua: unaingia ukiwa na kandambili, unapimwa presha, sukari, unachukua dawa zako, unarudi kwenye gari, na hakuna anayekuuliza umetoka nchi gani. Hiyo ndiyo akili ya afya ninayoiomba. Iko hapahapa, inahitaji tu muitumie wakati wa mlipuko badala ya kujenga hema jipya la kupimia na askari mlangoni.

Niingie kwenye pesa, ambayo nyinyi wa Wizara za Kazi mnaijua vizuri. Wengi wetu tunalipwa kwa safari, yaani mshahara mdogo ukiongezewa mileji, malipo ya umbali uliokwenda. Gari likisimama, mileji imesimama. Sasa tazameni mnyororo mzima wa kontena moja. Kontena likichelewa kurudi, kampuni ya meli inatoza kwa siku. Gari likizuiliwa, tajiri anadai fidia ya ucheleweshaji kwa mwenye mzigo. Yadi inatoza kwa siku. Benki inahesabu riba ya mkopo wa lori kwa siku. Kila mtu humo ana bei ya siku iliyopotea, isipokuwa yule anayeipoteza akiwa amekaa ndani yake. Matajiri nao si wa kuwekwa kapu moja. Yupo aliyetutumia pesa ya chakula kwa simu kila asubuhi, na yupo aliyezima simu yake mpaka tukafika Kampala. Tofauti kati ya kula na kutokula haifai kuwa hulka ya mwajiri uliyebahatika kumpata.

Na kifo? Sheria ya Kenya ya fidia kazini ya mwaka 2007 inataja mapato ya miezi 96 kwa familia ya mfanyakazi aliyekufa kutokana na kazi. Kwenye karatasi ni pesa ya kuinua familia. Lakini mjane atathibitishaje kwamba mumewe aliambukizwa kazini na si nyumbani? Ataonesha risiti gani ya mshahara, kwa mtu aliyepatana na tajiri kwa mdomo? Na kama kijana ni Mtanzania, tajiri ni wa Mombasa, na amefia wodini Uganda, mjane aende mlango upi? Tanzania kuna mfuko wa fidia, Kenya ni bima ya mwajiri, na kati ya hizo mbili kuna shimo ambalo mnaweza kuliziba kwa ukurasa mmoja.

Msidhani tunajiona peke yetu. Daktari Stephen Mogusu alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka 28. Alikuwa akiwahudumia wagonjwa wa Korona Machakos kwa mkataba, na alikufa akiwa na mishahara ya miezi ambayo hajalipwa na bila bima ya kumtibu. Kama ndivyo alivyofanyiwa daktari, mwenye chama na elimu na anayeweza kuandika, utingo wangu atafanyiwa nini? Rwanda ilipopata homa ya virusi vya Marburg mwaka 2024, wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Kampala, Januari 2025, mgonjwa wa kwanza wa Ebola ile ya aina ya Sudan kujulikana alikuwa muuguzi, na alifariki. Wale vijana waliokuwa wakitupima Malaba kwenye jua wakiwa na glavu moja kutwa nzima, tulikuwa tukiwagombeza, nao walikuwa wanadai posho zao kama sisi.

Hayo si ya kale. Mubende, Uganda, ilipofungwa kwa sababu ya Ebola Oktoba 2022, watu walikatazwa kuingia na kutoka, na magari ya mizigo yakaruhusiwa kupita. Mstari uleule wa 2020, na mtu wa ndani ya gari hayumo. Januari 2025 Marburg ikatangazwa Biharamulo, mkoani Kagera, upande wa barabara inayokwenda Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Mpox nayo, mgonjwa wa kwanza wa Kenya aliyetangazwa Julai 2024 alikutwa mpakani, Taita Taveta, akitoka Uganda akielekea Rwanda. Kila mlipuko unapita tunapopita. Mei 2025 dunia ilipitisha Geneva mkataba wa kujiandaa na magonjwa ya mlipuko, na wajumbe wenu walikuwamo ukumbini. Ni wakati mzuri wa kujiandaa na kwenye lami pia.

Mabaharia walitutangulia katika hili. Mwaka 2020 maelfu kwa maelfu yao walikwama melini kwa sababu hakuna nchi iliyotaka washuke, na tarehe 1 Desemba mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuzitaka nchi ziwatambue kuwa wafanyakazi muhimu. Haikutatua yote, lakini baharia akifika bandarini ana karatasi ya kuonesha. Kontena lilelile likiwa melini, mtu wake anatajwa New York. Likishushwa Kilindini na kupandishwa kwenye trela langu, mtu wake hatajwi hata Arusha.

Ninachoomba, waheshimiwa, ni itifaki fupi ya Jumuiya, isainiwe sasa kabla ya mlipuko, itakayoanza kufanya kazi yenyewe siku nchi yoyote mwanachama inapotangaza dharura ya afya na kuruhusu mizigo ipite. Iseme kwamba ruhusa ya mzigo ni ruhusa ya dereva na utingo wake pia, wakiwa ndani ya gari au nje wakitafuta dawa, chakula au choo. Iseme kipimo ni bure, kimoja, kinatambuliwa na nchi zote nane, na uhai wake unasimama pale dereva anapoingia foleni, kwa sababu ucheleweshaji wa serikali usihesabiwe dhidi yake. Mpakani pawekwe maji, vyoo na kliniki ya usiku kabla ya kuwekwa kizuizi. Kama hamna pesa ya vyoo, hamna pesa ya kizuizi.

Dereva akikutwa mgonjwa atibiwe pale alipo, kwa gharama ya nchi iliyomzuia, gari lake likabidhiwe polisi kwa maandishi, na mwajiri asiruhusiwe kumfukuza kazi kwa kuugua. Siku za kungoja zilipwe. Kiasi gani, na agawane nani, kaeni na vyama vya madereva na vya wenye malori mkapatane. Mimi naomba tu isiwe sifuri. Na anayefariki akiwa kazini wakati wa dharura ihesabiwe kwamba ugonjwa aliupata kazini, mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo, na mwili urudishwe nyumbani bila familia kuchangisha kwenye simu.

Lipo moja ambalo najua litawakera wengine mezani, nalo ni haki ya kukataa. Dereva akiambiwa apeleke mzigo eneo la mlipuko bila barakoa, bila maelezo na bila bima, awe na haki ya kuegesha na asiitwe mhujumu. Sheria ya usalama kazini ya Kenya inajua jambo hili tayari: mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo mbele yake, mwenye mahali pa kazi hatakiwi kumrudisha humo mpaka aiondoe. Kinachokosekana ni mtu wa kusema kwamba kebini ya lori nayo ni mahali pa kazi, hata ikiwa imeegeshwa Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini.

Mtauliza pesa zitoke wapi. Kila kontena linalopita linalipa ushuru, tozo ya barabara, tozo ya usalama, tozo ya hiki na kile; mimi ndiye ninayebeba risiti hizo kwenye bahasha, kwa hiyo naziona. Wekeni kiasi kidogo pembeni katika hizo, kiwe mfuko wa dharura wa wafanyakazi wa ushoroba, usimamiwe na serikali, waajiri na vyama kwa pamoja, na hesabu zake zichapishwe. Waswahili wa Mombasa watawaambia tulivyosikia habari za pesa za Korona zilivyoliwa Nairobi, kwa hiyo hapo kwenye kuchapisha hesabu sitanii.

Katika kuandaa itifaki hiyo, waiteni madereva wenyewe. Msimwite mwakilishi wa mwakilishi aliyewahi kuliona lori. Chagueni siku ambayo si ya kupakia, na kikao kiwe Malaba au Namanga, tutakuja hata na mashuka yetu.

Jibu lenu tunaomba libandikwe kwenye madirisha ya forodha ya Malaba, Busia, Namanga, Rusumo, Katuna na Elegu, kwa Kiswahili, likiwa na sahihi na tarehe ya kuanza utekelezaji.

Wenu mtiifu,
Dereva wa masafa marefu, Mariakani